Disketi za Ushirika, CD za Wazee na Soga za WhatsApp: Majibu kwa Watunza Kumbukumbu

Barua za safari hii zinafanana kwa jambo moja. Karibu kila aliyetuandikia ameshika mkononi kitu cha zamani na ana hamu ya kukichomeka kwenye kompyuta leo leo. Tumeanza na barua yenye mambo mengi. Nyingine tumezijibu kwa kifupi.

Ndugu wahariri, chama chetu cha ushirika kimehamia ofisi mpya na nyuma ya kabati tumekuta sanduku la viatu lenye disketi 60 hivi za inchi 3.5. Nyingine zimeandikwa "Mihutasari 1993–1998". Kompyuta zetu hazina tena tundu la disketi. Kijana wa duka la kompyuta anasema tununue kisomaji cha USB, tuvute mafaili yote kwenye flashi, kisha disketi tuzitupe. Tuendelee?
— Karani wa masijala, Moshi

Kisomaji nunueni. Hayo mengine mawili, hapana.

Kazi inaanza kabla hamjawasha chochote. Kila disketi ipeni namba (tuseme US-001, US-002) na mzipige picha pande zote mbili, kwa sababu lebo nayo ni kumbukumbu. Aliyeandika kwa wino mwekundu "Nov 93 – ISIFUTWE" aliwaachia taarifa ambayo huenda haimo ndani ya faili lolote.

Pili, fungeni kila disketi isiandikike. Kwenye kona moja kuna kitufe kidogo cha plastiki kinachoteleza. Kisukumeni hadi kitundu kibaki wazi na mwanga upenye. Kitundu wazi maana yake imefungwa. Tunasisitiza kwa sababu disketi kubwa za inchi 5.25 ni kinyume: zile zina pengo ubavuni, na hufungwa kwa kuziba pengo hilo kwa kibandiko. Wapo waliozichanganya mbili hizi wakaacha wazi walichodhani wamekifunga. Wala msidhani kusoma tu hakuna madhara. Windows 95 na 98 zilikuwa zikiandika alama yao kwenye sekta ya kwanza (sekta ni kipande kidogo cha nafasi ya kuhifadhia) ya disketi ambayo haikufungwa, hata kama mtumiaji alitazama tu orodha ya mafaili.

Tatu, kagueni kuvu. Sogezeni kando kibati cha juu, zungusheni kitovu cha chuma kwa kidole kutoka upande wa nyuma, na mtazame ile filamu chini ya taa iliyoinama. Vidoa vyeupe au vya kijivu, mithili ya unga uliomwagika, ni kuvu. Kwenye diski kuu ya kompyuta kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani bila kuigusa, lakini kwenye disketi kichwa kinasugua filamu yenyewe. Kitakwangua ile kuvu, kitaichora filamu mstari wa duara, kisha kitabeba uchafu hadi disketi inayofuata. Moja mbovu inatia mchanga kitumbua cha kumi nzima. Zenye kuvu ziwekeni kando kwenye bahasha za karatasi (si mifuko ya nailoni, inayofungia unyevu ndani), mvae barakoa, na mziache ziwe za mwisho. Dawa yake ni kulipasua ganda taratibu, kuitoa filamu, kuifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa kidogo spiriti ya isopropili ya asilimia 99, kuiacha ikauke, kisha kuivisha ganda safi la disketi isiyo na kazi. Ni kazi ya mkono mtulivu. Jizoezeni kwanza kwa disketi ambayo hamjali ikifa.

Sasa kusoma. Msivute mafaili. Chukueni nakala pacha ya disketi nzima, sekta kwa sekta. Disketi ya kawaida ya HD (yenye msongamano mkubwa wa data) ina nyuso 2, kila uso una njia 80, kila njia ina sekta 18 za baiti 512: jumla sekta 2,880, yaani baiti 1,474,560. Faili la nakala pacha lazima liwe na ukubwa huo kamili. Likipungua, kuna kilichobaki nyuma. Faida yake ni kwamba disketi inazungushwa mara moja tu, na kwa disketi ya miaka 30 huenda hiyo mara moja ndiyo pekee mliyobakiziwa. Pia mnapata tarehe zilivyokuwa, na hata mafaili yaliyofutwa ambayo bado yamo.

Kompyuta yenye Linux inatosha, hata ile inayowashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Andikeni `lsblk` muone disketi imepewa jina gani. Tafuteni yenye ukubwa wa 1.4M. Kama ni sdb, basi tumieni ddrescue, programu ya kunakili diski zinazosumbua:

`ddrescue -d -n /dev/sdb US-001.img US-001.map`

Mzunguko huo wa kwanza unachota vyepesi na kuviruka vigumu. Kama kuna sekta zilizokataa, rudieni:

`ddrescue -d -r3 /dev/sdb US-001.img US-001.map`

Faili la .map linakumbuka kilichokwisha kusomwa, kwa hiyo mnaweza kuitoa disketi, kuichomeka kwenye kisomaji kingine na kuendelea pale mlipoishia. Hilo ndilo jambo tunalotaka mlishike. Disketi iliyoandikwa na mashine ambayo kichwa chake kilipinda kidogo itakataa kwenye kisomaji kimoja na kukubali kwenye kingine chenye kasoro inayokaribiana na ile ya kwanza. Nunueni visomaji viwili, na kama kuna kompyuta kuukuu yenye tundu lake mwenyewe, msiiuze bado. Disketi nzima huchukua kama dakika moja. Inayosumbua inaweza kumaliza saa.

Windows ikiwaambia kwamba disketi haijafomatiwa na kuuliza kama iifomati, jibu ni kughairi, kila mara. Ujumbe ule una maana moja tu: "mimi siielewi". Chanzo kimojawapo ni hiki: disketi ya HD ina tundu la pili kwenye kona ya upande wa pili, na kisomaji hulitumia kujua ni aina gani. Zamani watu walizifomati disketi za HD kwa KB 720 kwenye mashine zisizojali tundu hilo. Kisomaji cha leo kinaliona, kinatarajia MB 1.44, na kinachanganyikiwa. Zibeni tundu hilo kwa kipande cha utepe wa gundi, mjaribu tena.

Mkimaliza kila disketi, toeni namba ya uhakiki kwa `sha256sum US-001.img`. Mtapata herufi na tarakimu 64. Ziandikeni kwenye daftari la mapokezi pamoja na tarehe, jina la aliyesoma, kisomaji kilichotumika na idadi ya sekta zilizokataa. Ikibadilika biti moja tu kwenye faili, namba nzima inageuka, hivyo mwakani mtajua kama mnacho kile kile. Kuyatoa mafaili ndani ya .img ni rahisi. 7-Zip inaifungua kama folda.

Disketi 60 zote hazifiki MB 90, sawa na video ya simu ya dakika moja hivi. Kwa hiyo nafasi si tatizo: wekeni nakala tatu kwenye vifaa viwili tofauti, na moja ikae nje ya jengo. Disketi zenyewe msizitupe. Mtakuja kuzihitaji siku mtu atakapouliza nakala hizi zimetoka wapi.

Tumepewa mafaili ya zamani kwa ajili ya zoezi. Hayana kiambishi cha jina, na nikifungua kwa Notepad nasoma hivi: "Mkutanï mkuõ wá wajumbå". Je, ni virusi?
— Mwanafunzi wa ukutubi, Bagamoyo

Si virusi, ni WordStar, programu ya zamani ya kuandikia. Programu hiyo iliweka alama kwenye herufi ya mwisho ya kila neno kwa kuwasha biti ya nane, ili ijue mahali pa kutanua nafasi wakati wa kupanga mistari. Herufi "o" ina thamani ya 111. Ongeza 128 unapata 239, ambayo Windows huionyesha kama "ï". Vivyo hivyo "a" inakuwa "á", "i" inakuwa "é", "e" inakuwa "å" na "u" inakuwa "õ". Kwa kuwa maneno yetu ya Kiswahili huishia na irabu, ukurasa mzima unaonekana kama umeandikwa na mtu mwenye kwikwi. Ni kitambulisho kizuri kuliko virusi vyovyote.

Kwenye Linux unairudisha biti hiyo kwa mstari mmoja:

`LC_ALL=C tr '\200-\377' '\000-\177' < BARUA1 > BARUA1.txt`

Utabaki na mistari inayoanza na nukta, kama `.pa`. Hiyo ni amri ya kuanza ukurasa mpya, usiifute bila kuandika mahali kwamba ilikuwepo. Faili asili libaki kama lilivyo; .txt ni nakala ya kusomea tu. Na kwa mafaili mengine yasiyojulikana usikisie kwa macho. Pakua DROID, programu ya bure ya Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Inatazama baiti za ndani ya faili badala ya jina lake, kisha inakupa namba ya aina yake kutoka kwenye sajili ya PRONOM. Mafaili ya WordPerfect, ambayo nayo yamejaa kwenye ofisi za miaka ya 90, LibreOffice huyafungua yenyewe.

Assalamu alaykum. Tuna CD 40 za mahojiano na wazee zilizorekodiwa 2003. Kwenye uso wa juu tulibandika stika za karatasi zenye majina, nyingine tuliandika kwa kalamu ya kawaida. Sasa baadhi hazisomeki, na moja tukiifungua tunaona mafaili mawili tu wakati kumbukumbu zetu zinasema saba. Upande wa chini hauna mkwaruzo. Tatizo ni nini?
— Mkusanyaji wa mapokeo simulizi, Unguja

Waalaykum salaam. Mmeutazama upande usio wenyewe, na si ninyi peke yenu. CD ina unene wa milimita 1.2, karibu wote ni plastiki, na data zimekaa juu kabisa, chini ya rangi ya lebo. Mwali wa leza hupita kwenye plastiki yote kuzifikia. Mkwaruzo wa chini unaweza kung'arishwa. Mkwaruzo wa juu umeshakata data zenyewe. Kalamu ya ncha ngumu inachimba pale pale. (DVD ni tofauti: data zake zimebanwa katikati ya vipande viwili vya milimita 0.6, ndiyo maana huvumilia zaidi kuandikwa juu.)

Stika msizibandue. Gundi iliyokaa miaka ishirini itang'oka na tabaka la data, na mtabaki na plastiki inayoonyesha ng'ambo. Kama imeanza kunyanyuka ukingoni, ilazeni chini kwa kidole, someni CD kwa kasi ndogo, na msirudie mara kwa mara. CD yenye stika iliyokaa upande inayumba ikizunguka haraka, na hilo pekee linatosha kuleta makosa ya kusoma. Vumbi futeni kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, mithili ya miali ya jua. Msifute kwa kuzungusha, kwani mkwaruzo wa duara hufuata njia ya data na kufisha mfululizo mrefu, wakati ule wa kukingama hukata kidogo hapa na pale, na CD ina njia ya kurekebisha makosa madogo.

Zisizosomeka zijaribuni kwenye mashine tatu au nne tofauti. Visomaji vya CD hutofautiana sana uwezo, na cha zamani mara nyingi hushinda cha kompyuta mpakato mpya. Zilizokaa dirishani hatuna matumaini nazo makubwa: CD ya kuandikia huhifadhi data kwenye rangi, na rangi huchujuka kwa mwanga.

Ile ya mafaili mawili badala ya saba ndiyo habari njema. Inaelekea iliandikwa kwa vipindi: mafaili matano siku moja, mawili wiki iliyofuata, na aliyeandika mara ya pili hakuunganisha orodha ya kwanza. Kompyuta huonyesha kipindi cha mwisho tu. Mafaili matano bado yamo. Programu kama IsoBuster huonyesha vipindi vyote kimoja kimoja.

Angalieni pia kama CD ni za data au za muziki. Zile zinazopigika kwenye redio ya CD hazina mafaili; zina nyimbo zilizopangwa kwa mfululizo. Hizo zitoeni kuwa WAV, si MP3. Sauti ya mzee anayevuta pumzi kabla ya kujibu nayo ni sehemu ya jibu, na MP3 hupunguza hasa vitu vidogo kama hivyo.

Diski kuu ya nje yenye picha zote za halmashauri yetu imeanza kutoa sauti "tik, tik, tik" na haionekani. Nimeshauriwa niiweke kwenye friza usiku mmoja.
— Ofisa habari, Mbeya

Chomoa sasa hivi, usiiwashe tena. Sauti hiyo ni ya kichwa kinachotafuta mahali pake bila kupapata, na kila jaribio linaweza kuwa linachora sahani. Friza ndiyo itakayoimaliza: ukiitoa, umande utaganda juu ya sahani kama unavyoganda juu ya chupa ya soda. Usiifungue pia, pengo kati ya kichwa na sahani ni dogo kuliko chembe ya moshi. Ipeleke kwa wataalamu wa kuokoa data wenye chumba kisicho na vumbi, au iweke kabatini mpaka bajeti ipatikane. Ikizimwa haizidi kuharibika kwa kasi hiyo.

Kwa diski ambazo bado zinaonekana lakini zinasuasua: usikimbilie CHKDSK. Kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa diski, si kuokoa mafaili yako, na katika kunyoosha huandika na kukata. Nakili kwanza kwa ddrescue, fanya matengenezo kwenye nakala. Taarifa za SMART (ripoti ya afya inayotolewa na diski yenyewe) zikionyesha namba 5 au 197 inapanda wiki hadi wiki, nunua diski nyingine usisubiri tik ya kwanza.

Kamati yetu ya chama cha akiba na mikopo hufanya maamuzi mengi kwenye kundi la WhatsApp. Mkaguzi ametaka kumbukumbu. Tumempa picha za skrini, amezikataa. Tufanyeje, na je, mahakama ingezikubali?
— Katibu wa chama, Kisumu

Mkaguzi wenu hakukosea. Picha ya skrini haina mwanzo wala mwisho, na haionyeshi kilichoandikwa dakika mbili kabla. Tumieni njia ya kuhamisha soga iliyomo ndani ya WhatsApp yenyewe, pamoja na viambatisho. Mtapata faili la maandishi na folda ya picha, sauti na hati. Ila lina mitego minne, na yote huonekana ukilifungua.

Majina yatakuja jinsi yalivyohifadhiwa kwenye simu ya aliyehamisha. Mweka hazina anaweza kuonekana kama "Mama Shiro Mboga", na mjumbe ambaye hakuhifadhiwa atakuwa namba tupu. Andaeni karatasi inayolinganisha kila jina na namba, jina kamili na cheo cha mtu wakati ule, isainiwe siku hiyo hiyo. Tarehe nazo hufuata mpangilio wa simu: 03/04/2024 ni tarehe 3 Aprili kwenye simu moja na tarehe 4 Machi kwenye nyingine, hivyo andikeni simu ilikuwa imepangwaje. Tatu, simu ya aliyejiunga kundini mwaka jana haina ya mwaka juzi, na picha ambazo mtu hakuwahi kuzipakua hazimo. Chagueni mjumbe mkongwe, na ikiwezekana hamisheni kutoka simu mbili mlinganishe. Nne, WhatsApp hubana picha, huzipa jina jipya kama IMG-20240312-WA0003 na kufuta taarifa za kamera. Risiti za benki zitumwe kama hati, si kama picha.

Faili likishatoka, msilifungue kwa Word na kulihifadhi. Likitua tu kwenye kompyuta litoleeni namba ya uhakiki. Kwenye Windows ni `certutil -hashfile soga.txt SHA256`. Na kama kundi limewashwa ujumbe wa kujifuta, lizimeni leo.

Kuhusu mahakama: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinakubali kumbukumbu za kielektroniki zikiambatana na hati inayoeleza zilivyotolewa na kifaa kilichotumika, ikiwa imesainiwa na mwenye wadhifa unaohusika na kifaa au shughuli hiyo. Ndiyo maana tunawasumbua na daftari. Wasomaji wa Tanzania watazame kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ambacho katika kupima uzito wa ushahidi kinatazama jinsi data ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na mtumaji alivyotambuliwa. Mambo ya kesi yenyewe mwulizeni wakili. Lakini wakili naye hawezi kusaini kwa niaba yenu kwamba faili halikuguswa.

Ushauri wetu mwingine hamkuuomba: uamuzi wa mkopo uandikwe kwenye muhtasari wa kikao ndani ya siku saba, hata kama umekubaliwa kwa vidole gumba kwenye simu.

Mfumo wa zamani wa mishahara unazimwa. Mtaalamu ametupa orodha ya watumishi kwa CSV. Nikiifungua kwa Excel, namba za simu zinapoteza sifuri, namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) zinasomeka 1.98507E+19, na mtaa wa Ng’ambo umeandikwa Ngâ€™ambo. Nirudishe kwa mtaalamu?
— Ofisa utumishi, Tabora

Hapana, bado. Faili lake huenda ni zima. Excel ndiyo inayolisoma vibaya. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel hubeba 15 tu. Kama hazina vistari katikati, inazichukulia kuwa kiasi, na zile 5 za mwisho inazigeuza sifuri. Baya zaidi ni ukibofya kuhifadhi: kwenye CSV huandika kinachoonekana, yaani 1.98507E+19, kwa watumishi wote waliozaliwa mwezi huo huo. Hapo hakuna kurudi. Kwa hiyo swali letu kwako ni moja: umehifadhi? Kama hujahifadhi, funga bila kuhifadhi. Kama umehifadhi, ndiyo, mrudie mtaalamu, tena haraka, kabla mfumo haujazimwa.

"â€™" ni apostrofi iliyopinda ya "ng’" iliyoandikwa kwa UTF-8 (usimbaji wa herufi wa siku hizi), ambayo inachukua baiti tatu, ikasomwa kwa jedwali la zamani la Windows lenye herufi moja kwa kila baiti. Usitafute na kubadilisha neno kwa neno. Fungua Excel tupu, ingia sehemu ya Data, chagua kuingiza kutoka kwenye faili la maandishi, weka usimbaji 65001 (UTF-8), na safu zote zifanye maandishi, si namba. LibreOffice hukuuliza mambo hayo yenyewe kabla ya kufungua, na kwa kazi hii tunaipenda zaidi.

Kabla mfumo haujazimwa, mwombe mtaalamu vitu vitatu. Idadi ya mistari ya kila jedwali. Jumla ya mishahara ya mwezi mmoja mnaoufahamu, iliyotolewa na mfumo wenyewe, ili mlinganishe na CSV. Na kamusi ya misimbo: safu ya "hali" ina 1, 2, 3 na 9, anayejua kwamba 9 ni "likizo bila malipo" anastaafu lini? Kama majedwali ni mengi na yanategemeana, aulizwe pia kama anaweza kuyatoa kwa SIARD, umbo lililobuniwa na Hifadhi ya Shirikisho ya Uswisi kwa ajili hiyo. Linabeba majedwali pamoja na uhusiano wake.

Chumba chetu cha kumbukumbu kina kiyoyozi, lakini kuokoa umeme tunakizima jioni. Kanda na diski zinadhurika?
— Mtunza kumbukumbu, Mombasa

Ndiyo, na pengine kuliko mngekuwa hamna kiyoyozi kabisa. Mnachokifanya ni kupoza vitu mchana, kisha usiku hewa ya bahari inaingia na unyevu wake unatua juu ya vitu vilivyo baridi. Kila siku. Tungelenga nyuzijoto 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 35 hadi 45, lakini kama hamuwezi, nyuzijoto 24 isiyobadilika ni bora kuliko 18 mchana na 29 usiku. Nunueni kipima unyevu, andikeni usomaji asubuhi na jioni kwa wiki mbili kabla ya kuomba bajeti. Vitu vichache vya thamani viwekeni kwenye madebe yanayofunga barabara pamoja na vifuko vya silika, na silika ikaushwe upya inapobadilika rangi. Kitu kikitoka chumba baridi kwenda chumba cha kazi, kikae kimefungwa saa 24 kabla hakijachomekwa.

Tunataka kuuza kompyuta 12 na mashine moja ya fotokopi. Kufomati kunatosha?
— Msaidizi wa utawala, Morogoro

Hakutoshi. Kwanza hakikisheni kumbukumbu zilizomo zimeidhinishwa kuteketezwa kulingana na ratiba yenu ya utunzaji. Kwenye taasisi ya umma hilo si uamuzi wa ofisi peke yake. Kisha: kufomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili tu, yaliyomo yanabaki. Diski za sahani ziandikiwe sifuri mwanzo hadi mwisho. Kwa SSD, yaani diski isiyo na sahani, hilo halitoshi, kwa kuwa kidhibiti chake huficha sehemu ambazo programu haizifikii. Tumieni amri ya kufuta ya mtengenezaji wake, au mtoboe vipande vyake vya kumbukumbu, kila kimoja, si ubao pembeni. Kwa disketi na CD mkasi unatosha. Na fotokopi: nyingi za ofisini zina diski kuu ndani, nyuma ya kifuniko kidogo chenye skrubu mbili au nne, na kila barua ya siri mliyowahi kuitoa nakala inaweza kuwa bado imo. Iondoeni kabla mnunuzi hajaja, muandike namba yake ya kiwandani kwenye hati ya uteketezaji.